Haki Imesimama au Haki Amesimama? Sanamu za Chokaa, Istiara na Ngeli za Kiswahili



Mada niliyoichagua yaweza kuwashangaza baadhi yenu, kwani itatupeleka kwanza kwenye kuta za mji wa Palermo, kisiwani Sicilia, kabla ya kuturejesha katika sarufi ya lugha yetu na katika nyumba za mawe za Lamu. Naomba mnivumilie. Safari hii ina sababu ya kiisimu, nami nitajitahidi kuieleza hatua kwa hatua.

1. Utangulizi

Istiara, kama tunavyowafundisha wanafunzi wetu, ni usemi au masimulizi ambayo maana yake ya wazi inabeba maana nyingine iliyofichika. Tashihisi ni mbinu ya kukipa kisicho mtu sifa za mtu. Mbinu hizi mbili zinapokutana, dhana isiyoonekana, mathalani haki, subira au husuda, hupewa mwili, uso na mavazi. Husema, hutembea na hupigana. Tumezoea kuzichunguza mbinu hizi katika maandishi. Leo nataka tuzichunguze katika chokaa.

Swali langu ni hili: msanii anapotaka kuipa dhana mwili, ni nani anayemwamulia mwili huo uwe wa mwanamume au wa mwanamke? Na katika lugha kama Kiswahili, ambayo sarufi yake haitofautishi kike na kiume, dhana hupataje mwili, ikiwa inaupata kabisa? Nitadai kwamba jibu la swali la kwanza linapatikana kwa kiasi kikubwa katika sarufi, na kwamba jibu la swali la pili limo katika kiambishi kimoja kidogo tunachokitamka kila siku bila kukifikiria.

2. Chokaa ya Palermo

Giacomo Serpotta alizaliwa Palermo mwaka 1656 akafariki huko huko mwaka 1732. Kazi yake ilikuwa ya chokaa, na ilikuwa kazi ya ukoo: nduguye Giuseppe na mwanawe Procopio walikuwa mafundi wa fani hiyo hiyo. Aliyoyafanya Serpotta yanaonekana hadi leo katika kumbi ndogo za sala zilizomilikiwa na vyama vya kidini vya mji huo. Tatu kati ya hizo ni mashuhuri: ukumbi wa Rozari ulio karibu na kanisa la Santa Cita, ambako alianza kazi mwaka 1685, ukumbi wa San Lorenzo, uliopambwa kati ya mwaka 1699 na 1706, na ukumbi wa Rozari wa San Domenico, uliopambwa katika miaka ya 1710.

Tuangalie kwanza namna ya kazi yenyewe. Fundi alianza kwa kuunda kiunzi cha vijiti vya mbao, nyaya za chuma na matambara yaliyofungwa kwa kamba. Juu ya kiunzi hicho alipaka mchanganyiko mzito wa chokaa na mchanga, akaufinyanga ukiwa bado mbichi. Kisha aliongeza tabaka laini zaidi, na mwisho tabaka jembamba la chokaa iliyochanganywa na unga wa marumaru, akalisugua mpaka likang'aa. Umaliziaji huo uliitwa allustratura, kutokana na kitenzi cha Kiitalia chenye maana ya kung'arisha. Mtazamaji akisimama mbele ya ukuta, hudhani anaona marumaru ya bei ghali, kumbe ni chokaa na vijiti.

Kwenye kuta hizo kuna sanamu za aina mbalimbali. Kuna michoro midogo ya mandhari iliyochomoza kidogo tu kutoka ukutani. Katika ukumbi wa Santa Cita, ukuta mzima wa mlangoni umefunikwa na kitu kama pazia kubwa la chokaa linaloshikiliwa na watoto, na katikati yake kuna mchongo wa vita vya baharini vya Lepanto vya mwaka 1571. Chini ya mchongo huo wameketi wavulana wawili, na nyuso zao hazioneshi furaha ya ushindi. Kisha kuna sanamu zinazotuhusu zaidi leo: sanamu za fadhila. Katika ukumbi wa San Lorenzo zipo Hisani, Sadaka na Ukarimu, pamoja na wenzao wengine. Katika ukumbi wa San Domenico yupo Ushujaa, aliyesimama na nguzo yake, akiwa amevaa kichwani manyoya ya kifahari. Wote hawa ni wanawake.

Katika nguzo hiyo ya Ushujaa ametambaa mjusi mdogo. Wataalamu wamemtambua kuwa ndiyo saini ya fundi, kwani katika lugha ya Sicilia jina la mjusi huyo linakaribiana kwa sauti na jina Serpotta. Asiyeijua lugha ya mahali pale huona mjusi tu. Anayeijua husoma jina la mtu. Basi hata jiwe halizungumzi lugha ya ulimwengu mzima. Ukuta una lugha, na lugha hiyo ina mipaka.

3. Jinsia ya nomino na jinsia ya sanamu

Kwa nini Ushujaa, sifa ambayo jamii nyingi huihusisha na wanaume wa vita, ni mwanamke katika ukumbi wa San Domenico? Mafundi wa zama zile walikuwa na kitabu cha kuwaongoza. Mwaka 1593 Cesare Ripa alichapisha mjini Roma kitabu kiitwacho Iconologia, na mwaka 1603 kikatoka tena kikiwa na picha. Kilikuwa kama kamusi: dhana zimepangwa kwa alfabeti, na kila dhana imeelezwa umbo lake, mavazi yake na vitu inavyovishika. Lakini Ripa mwenyewe aliamuaje?

Tukizipitia dhana zake tunagundua utaratibu. Giustizia, carità, fortezza, umiltà: haki, hisani, ushujaa, unyenyekevu. Zote ni nomino za kike katika sarufi ya Kiitalia, na zote kwake ni wanawake. Lakini onore, yaani heshima ya mtu, na valore, yaani uhodari, ni nomino za kiume. Nazo katika kitabu hicho ni wanaume. Ushujaa na uhodari ni dhana jirani mno kimaana. Kilichoziachanisha hadi moja ikavaa mwili wa kike na nyingine mwili wa kiume ni sarufi.

Jambo hili halikuanza na Ripa. Mwanzoni mwa karne ya 5, mshairi wa Kilatini Prudentius alitunga utenzi wa vita kati ya fadhila na maovu ndani ya nafsi ya mwanadamu. Wapiganaji wakuu wa pande zote mbili ni wanawake, kwa kuwa nomino dhahania za Kilatini kwa wingi wake ni za kike. Kiburi ni mwanamke, ghadhabu ni mwanamke, imani ni mwanamke. Uwanja mzima wa vita umejaa wanawake waliovaa silaha, na aliyewaandikisha jeshini ni sarufi.

Mwanaisimu Roman Jakobson, katika makala yake ya mwaka 1959 kuhusu tafsiri, alisimulia kwamba mchoraji Mrusi Repin alishangaa kuona wasanii wa Kijerumani wakiichora Dhambi kama mwanamke. Hakutambua kuwa neno la Kijerumani la dhambi ni la kike, ilhali la Kirusi ni la kiume. Kadhalika, mtoto wa Kirusi aliyesoma hadithi za Kijerumani zilizotafsiriwa alistaajabu kukuta Kifo ni mzee wa kiume, kwa kuwa katika Kirusi kifo ni cha kike. Mwaka 2011 Edward Segel na Lera Boroditsky walichapisha uchunguzi wa kazi nyingi za sanaa kutoka jamii za Italia, Ufaransa, Ujerumani na Hispania. Waligundua kuwa katika asilimia 78 hivi ya kazi hizo, jinsia ya umbo lililochorwa ililingana na jinsia ya nomino katika lugha ya msanii.

Hata hivyo, tusiharakishe kusema kwamba sarufi inatawala kila kitu. Asilimia 22 iliyobaki inatukumbusha kuwa mapokeo nayo yana nguvu. Kiingereza hakina jinsia ya kisarufi katika nomino zake za kawaida, lakini Waingereza na Wamarekani wanaichonga Haki kama mwanamke kwa kuwa waliipokea hivyo kutoka Kilatini na Kifaransa. Sanamu ya Uhuru iliyozinduliwa New York mwaka 1886 ilibuniwa na Mfaransa, na uhuru katika Kifaransa ni wa kike. Sanamu ikisafiri, hubeba jinsia ya lugha ilikozaliwa, hata ikifika mahali ambapo sarufi haiitambui jinsia hiyo.

4. Kiswahili: ngeli bila jinsia

Sasa turudi nyumbani. Kiswahili ni lugha ya ngeli. Nomino zetu zimegawanyika katika makundi, na kila kundi lina upatanisho wake, lakini hakuna kundi la kike wala la kiume. Nomino dhahania nyingi zimo katika ngeli ya U-: upendo, ukweli, unyenyekevu, ujasiri. Nyingine, hasa zile tulizozipokea kutoka Kiarabu, zimo katika ngeli ya I-: haki, subira, hekima, huruma, tamaa. Nyingine tumezichukua kutoka Kiarabu kisha tukazivika kiambishi chetu. Karimu ni mtu mwenye sifa, na ukarimu ni sifa yenyewe.

Kiarabu kina jinsia ya kisarufi, lakini maneno hayo yalipovuka bahari jinsia ilibaki ng'ambo. Ushahidi mzuri upo katika majina ya watu. Neno la Kiarabu lililotupa subira ni la kiume. Kwetu Subira ni jina la mwanamke. Neno baraka katika Kiarabu ni la kike. Kwetu Baraka aghalabu ni mwanamume. Imani, Amani na Riziki huitwa watu wa jinsia zote. Mswahili anapompa mtoto jina la fadhila, haongozwi na sarufi bali na mazoea ya jamii.

Je, hii ina maana kwamba Kiswahili hakizipi dhana uwezo wa kutenda? La hasha. Tusikilize mazungumzo yetu wenyewe. Usingizi umenichukua. Njaa imemshika. Huzuni imemwingia. Aibu ilimpata. Hasira zimempanda. Katika sentensi hizi zote dhana ndiyo kiima, na mtu ndiye mtendwa. Katika lugha nyingine mtu hufanywa kuwa na njaa au kuwa mwenye huzuni. Katika Kiswahili njaa hushika na huzuni huingia, kama mgeni aingiavyo nyumbani. Methali nazo hufanya vivyo hivyo: subira yavuta heri. Subira inavuta, lakini haina mikono. Upatanisho wake umebaki ule ule wa ngeli yake.

Hapa naomba tutulie kidogo, kwani ndicho kiini cha hoja yangu. Kiswahili huweza kuipa dhana tendo bila kuipa mwili. Dhana hutenda ikiwa dhana. Kwa mintaarafu hiyo, hata kifo, ambacho jamii nyingi za Ulaya zimekichora kama mtu mwenye fyekeo, katika mapokeo ya Waswahili hakina umbo. Kifo kilimchukua, tunasema, mauti yalimfika. Pakihitajika mtu wa kuja mlangoni, anakuja Ziraili, mtoa roho, ambaye ni malaika mwenye nafsi yake na anayestahili a-. Kifo chenyewe kinabaki na ki- yake.

Lakini mlango wa pili upo. Tunajua kwamba nomino yoyote yenye kurejelea kiumbe hai, hata ikiwa katika ngeli nyingine kwa umbo lake, huchukua upatanisho wa ngeli ya kwanza. Kipofu amefika. Simba anakuja. Waziri ametoka. Tunajua pia kwamba msemaji huweza kuugeuza upatanisho kwa makusudi: kijitoto kinalia ni usemi wa kudunisha. Upatanisho kwetu ni zaidi ya kanuni ya umbo, kwani msemaji huutumia kutoa hukumu juu ya hadhi ya kile anachokitaja. Basi tukisema haki imekuja, tumeeleza hali. Tukisema Haki amekuja, tumemleta mtu. Kazi aliyoifanya Serpotta kwa vijiti, nyaya na chokaa, sisi tunaifanya kwa irabu moja.

5. Njia mbili za Shaaban Robert

Mwandishi aliyezitumia nyenzo hizi kwa umahiri mkubwa ni Shaaban Robert. Katika Kusadikika, kitabu kilichotoka mwaka 1951, mshitakiwa anaitwa Karama na mshitaki wake ni waziri aitwaye Majivuno. Katika Adili na Nduguze, kilichotoka mwaka 1952, Adili ana ndugu wawili, Hasidi na Mwivu. Wasomaji wengi wameridhika kusema kwamba majina haya ni ya kiistiara. Mwanaisimu ana jambo la kuongeza.

Majivuno ni nomino dhahania ya ngeli ya YA-. Mwandishi ameiacha na umbo lake, akaigeuzia upatanisho tu: Majivuno ni yeye, wala si hayo. Hii ni njia ya kwanza. Utubora, shujaa wa Utubora Mkulima, ameundwa kwa njia hiyo hiyo kutoka ngeli ya U-. Lakini nduguye Adili hakuitwa Wivu, ameitwa Mwivu. Hakuitwa Husuda, ameitwa Hasidi. Hapa dhana imeondolewa kabisa, na mahali pake amewekwa mtu aliyeibeba. Kiambishi m- kimemwingiza katika ngeli ya watu tangu kwenye mzizi. Hii ni njia ya pili.

Tofauti si ndogo. Mtu anayeitwa Majivuno ni majivuno yenyewe yaliyosimama mahakamani. Hawezi kuacha kuwa hivyo bila kutoweka. Mtu anayeitwa Mwivu ni mtu mwenye wivu, na mwenye wivu anaweza kuadhibiwa, kujuta na kuongoka. Kwa hiyo umbo la jina limeshaamua aina ya hadithi inayoweza kusimuliwa. Ningependa wanafunzi wa fasihi na wanafunzi wa mofolojia waisome orodha ya wahusika wa Shaaban Robert wakiwa meza moja.

Aidha, njia ya kwanza haikuwa mali ya mwandishi mmoja. Watafsiri wa Biblia ya Kiswahili ya Muungano walipofika kwenye sura ya 9 ya Mithali, ambamo Hekima anajenga nyumba, waliipatanisha nomino hiyo kwa a-. Katika Kiebrania neno hilo ni la kike na Hekima ni mwanamke dhahiri. Msomaji wa Kiswahili anamwona mtu, lakini sarufi haimwambii ni mtu wa jinsia gani mpaka muktadha useme. Ngeli yetu ya kwanza inatoa utu bila kutoa jinsia.

6. Ukuta wa Lamu: chokaa bila nyuso

Mheshimiwa Mwenyekiti, kuna dai linalosikika mara kwa mara kwamba sanaa ya majengo ya Waswahili ni ya mapambo tu, haina maana ndani yake, kwa kuwa haina sanamu za watu. Tulikabili dai hilo kwa kuitazama chokaa yetu wenyewe.

Chokaa ya Lamu na ya Palermo ni kitu kimoja kikemia. Ya Palermo ilitokana na mawe; ya pwani yetu ilitokana na matumbawe yaliyochomwa juu ya rundo la magogo. Moto huyageuza kuwa chokaa hai, maji huizima, na ikishapakwa ukutani hufyonza hewa ya ukaa ikarudi kuwa jiwe. Katika nyumba za mawe za Lamu, hasa zile za karne ya 18, mafundi waliichonga chokaa hiyo ukutani wakafanya nakshi za maua, majani na mistari, na safu juu ya safu za vidaka. Kwa lahaja ya Kiamu huitwa zidaka. Ndani yake viliwekwa vyombo vya kauri kutoka ng'ambo na vitu vingine vya thamani. Nakshi hukolea kadiri mtu anavyosogea ndani: kutoka daka la mlangoni hadi kiwanda, kisha msana wa tini, msana wa yuu, hadi chumba kiitwacho ndani.

Mwanaisimu akiingia katika nyumba hiyo anakuta darasa. Kidaka ni daka lililopunguzwa kwa kiambishi ki-. Shimo dogo la ukutani limepewa jina la baraza ya kupokelea wageni, kana kwamba kila chombo kina kibaraza chake. Zidaka inatuonesha zi- ya Kiamu mahali pa vi- ya Kiswahili sanifu. Tini na yuu zinatuonesha sauti ambazo sanifu inazitamka chini na juu. Na ndani, ambayo kwa wengi wetu ni kielezi cha mahali, katika nyumba hii ni nomino kamili, jina la chumba cha siri kuliko vyote.

Je, ukuta huo hausemi kitu? Mtafiti Linda Donley-Reid alitoa hoja kwamba vidaka na vyombo vyake vilikuwa pia na kazi ya kinga. Chumba cha ndani ndicho kilichohusika na uzazi na mauti, nyakati ambazo mtu yu karibu zaidi na madhara, na urembo wa ukuta ulilivuta jicho baya liache kumdhuru mtu. Iwapo tunaikubali hoja hiyo, basi tumemkuta Hasidi kabla ya Shaaban Robert. Yumo katika ukuta wa Lamu, lakini hana uso. Hakuchongwa, amewekewa kinga tu. Fundi wa Palermo aliionesha dhana kwa kuipa mwili. Fundi wa Lamu aliionesha kwa kuiandalia mahali.

Ndivyo ilivyo pia katika Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir. Mshairi anausemesha moyo wake mwenyewe, anauonya, anaukemea. Anapotaka kueleza fahari iliyopita ya Pate, hamleti Kiburi akiwa amevaa taji. Anatuonesha nyumba zilizobomoka na madaka ya sahani yaliyogeuka viota vya ndege. Msomaji anayajua yaliyobaki. Mpangilio huu wa kuiacha dhana bila mwili na kuonesha alama yake katika vitu ni ule ule wa usingizi umenichukua na wa subira yavuta heri. Sidai kwamba ngeli ndizo zilizomkataza fundi kuchonga nyuso. Mapokeo ya Uislamu kuhusu sanamu yanatosha kulieleza hilo. Ninachodai ni kwamba mapokeo hayo yalipofika pwani yaliikuta lugha ambayo tayari iliweza kuitendesha dhana bila kuivisha mwili.

7. Kazi iliyo mbele yetu

Mambo haya yana matokeo katika kazi zetu za kila siku, nami nitataja mawili.

La kwanza ni tafsiri. Mfikirieni mwanafunzi aliyepewa maelezo ya sanamu ya Haki ayaweke kwa Kiswahili kwa ajili ya kitabu au makumbusho. Akiandika haki imesimama, msomaji anaweza kuelewa kwamba haki imekoma, kwa kuwa kitenzi hicho kina maana zote mbili na upatanisho haumsaidii. Akiandika Haki amesimama, mtu ameonekana, lakini mwanamke ametoweka. Akiandika Bibi Haki, amemrudisha mwanamke, ila amemfanya mtu wa mtaani mwenye jirani zake. Hakuna kosa la kisarufi katika chaguo lolote kati ya haya, ila kila moja linachonga sanamu tofauti. Vitabu vyetu vya nadharia ya tafsiri vina mengi kuhusu nahau na istilahi, lakini upatanisho wa tashihisi unastahili sura yake.

La pili ni msamiati, na hili ni la haraka. Mji Mkongwe wa Lamu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, lakini nyumba nyingi za Pate na Siyu zimekuwa magofu. Hata nyumba inayokarabatiwa huweza kudhurika, kwani saruji ikipakwa juu ya chokaa huzuia unyevu usitoke, chumvi hukusanyika, na nakshi hubanduka vipande vipande. Palermo nako kumekuwa na hasara: mwaka 1969 mchoro wa Caravaggio uliibwa katika ukumbi wa San Lorenzo, na sanamu za chokaa zikabaki zikiuzunguka ukuta mtupu. Lakini maneno ya fani ya Serpotta yamekwisha andikwa, na mwanafunzi wa leo anaweza kuyasoma. Maneno ya fundi wa Lamu, ya kila hatua ya kuchoma, kuzima, kuponda, kupaka na kuchonga, ya kila umbo la jani na kila pembe ya kidaka, yamekaa zaidi vinywani kuliko vitabuni. Kidaka kikianguka huweza kupigwa picha kabla, au kujengwa upya. Neno likianguka, hakuna fundi wa kulirudisha.

Kwa hiyo nawasihi wanafunzi wa uzamili wanaotafuta mada za utafiti: nendeni kwa waashi wazee. Msiende na orodha ya maneno ya Kiingereza mkatafuta visawe vyake. Kaeni nao kazini, mwulize kila kifaa kinaitwaje na kila tendo linasemwaje, mkaandike pamoja na upatanisho wake. Kwani, kama tulivyoona, upatanisho nao ni maana.

8. Hitimisho

Nimejaribu kuonesha kwamba sanamu za fadhila katika kuta za Palermo zimechongwa kwa chokaa na kwa sarufi pia. Kwamba jinsia ya nomino za Kilatini na Kiitalia ilichangia kuamua nani avae mwili wa kike na nani wa kiume. Na kwamba Kiswahili, kisicho na jinsia hiyo, kina milango miwili. Huweza kuiacha dhana itende bila mwili, na huweza kuipa utu kwa kuigeuzia upatanisho au kwa kuiundia nomino ya mtu. Anayesema kwamba ukuta usio na nyuso hauna istiara ameangalia ukuta bila kusikiliza lugha ya waliouchonga.

Kupanga ngeli katika majedwali ni kazi muhimu, nasi tuliofundisha kwa miaka mingi tumeifanya. Lakini majedwali hayo hayatoshi. Katika kila i- na kila a- tunayoitamka kuna uamuzi kuhusu nini ni kitu na nani ni mtu. Lugha iliyotupa hiari hiyo yastahili kuchunguzwa kwa makini yale yale ambayo watu wa Palermo wanayapa sanamu zao.